Uliza Fundi: Gari jeusi, tochi moja na giza lote

Kwa msomaji mgeni: nilipiga rangi magari kwa miaka 19, hadi kifua kilipoukataa mvuke wa thina. Sasa nayapiga picha magari hayohayo usiku, shata ya kamera, kile kilango kinachoingiza mwanga, ikiwa wazi na mimi nikipita kando ya gari na taa mkononi. Wengine wanaita kuchora kwa mwanga. Barua zimelundikana tangu toleo lililopita, na karibu nusu yake zina ugonjwa mmoja. Naanza na huo.

Shikamoo Fundi. Nina gari jeusi ninalolitunza kuliko ninavyojitunza. Nimejaribu kulipiga picha usiku kama zako: kamera juu ya stendi, sekunde 30, nikalizunguka na tochi nikimulika kila mahali. Picha imetoka na mistari myeupe iliyojinyonganyonga kama minyoo, na kwingine kote giza tupu. Nikaleta tochi kubwa zaidi, minyoo ikanenepa. Nakosea wapi? – Mwenye Gari Jeusi

Marahaba, na pole kwa minyoo. Minyoo hiyo ni tochi yako. Kila ulipopita, tochi ilijitazama kwenye mlango kama mtu anavyojitazama kwenye kioo, na kamera ikaiandika njia yake yote. Ulipoleta tochi yenye uso mpana, mnyoo nao ukapanuka. Kamera haikukosea hata kidogo.

Nilipokuwa mwanagenzi, mzee aliyenifundisha kazi hakuwa anakagua rangi kwa kuitazama rangi. Alikuwa na taa ya tyubu ya futi 4 yenye waya mrefu. Aliisogeza kando ya bodi polepole, macho yake yakifuata taswira ya tyubu ndani ya mlango. Taswira ikipita imenyooka, paneli imenyooka. Ikijikunja popote, hapo pana bonde, hata kama kiganja hakihisi kitu, na gari linarudi kupigwa msasa. Niliichukia ile taa. Miaka mingi baadaye, nikiwa gizani na kamera ya kuazima, nikapata picha yenye minyoo kama yako, ndipo nikaikumbuka tyubu.

Rangi inayong'aa imefunikwa na tabaka angavu, ile mafundi tunayoiita klia. Klia ni kioo. Ukiitazama uso kwa uso inarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoifikia, na ukiitazama kwa mshazari inarudisha zaidi. Juu ya gari jeupe hiyo asilimia 4 haionekani sana, kwa sababu rangi nyeupe iliyo chini inatawanya mwanga kila upande na kuimeza. Chini ya klia ya gari jeusi hakuna kinachorudi. Umebaki na kioo peke yake. Ndiyo maana gari jeupe humsamehe mtu ovyo ovyo, na jeusi halimsamehi yeyote. Lakini jeusi likikubali, hakuna linalolifikia.

Basi kabla hujawasha chochote, ujue kila paneli inatazama nini kutoka pale kamera ilipo. Weka jicho lako karibu na lenzi, mwambie mwenzako atembee na tochi polepole. Atakapofika mahali ukaiona tochi ndani ya mlango wa mbele, hapo ndipo taa ya mlango wa mbele inapotakiwa kupita. Boneti na paa vinatazama juu, kwa hiyo taa yake ipite juu, wewe ukiwa nyuma ya gari na mkono umeinuliwa. Ubavu unatazama upande wa kamera, kwa hiyo utapita kati ya kamera na gari. Ndiyo, mbele ya lenzi. Ukivaa nguo nyeusi na usisimame, kamera haitakushika.

Kwa kazi ya bodi achana na tochi. Tengeneza fimbo ya mwanga: ubao mwembamba wa mita 1, utepe wa taa za LED juu yake, betri mwishoni, kisha kitambaa cheupe mbele ili zile nukta ziyeyuke ziwe mwanga mmoja. Mgongo wake ufunike kwa tepu nyeusi, safu mbili, maana kamera itakuwa inautazama huo mgongo. Namna ya kuishika ndiyo kazi yenyewe. Ukiishika wima ukatembea kutoka bampa hadi bampa, fimbo inafagia eneo lenye kimo cha mita 1 na urefu wa gari zima, na mlango unaona ukuta wa mwanga. Ukiilaza sambamba na gari ukatembea, unapata mstari mmoja mwembamba, mkali, unaofuata mikunjo ya bodi. Mimi hupita mara mbili, wima kwanza, halafu ya kulala juu ya usawa wa paa. Hii ya pili inataka mkono mtulivu: ukitikisika, gari jipya litaonekana limebondeka. Ni ile tyubu ya mzee, safari hii kilichopinda ni wewe.

Gari dogo la kawaida lina kama mita 4 na nusu. Anza mita 1 na nusu kabla ya bampa, maliza mita 1 na nusu baada ya bampa ya pili, kwa mwendo wa nusu mita kila sekunde. Hizo ni sekunde 15. Usiwashe wala kuzima fimbo ukiwa usawa wa gari, patabaki doa.

Kuna jambo lililonichanganya mwaka mzima, nikupe bure. Tumefundishwa kwamba ukiusogeza mwanga mbali mara mbili, unapungua hadi robo. Ni kweli kwa tairi, kwa ardhi, kwa ukuta. Kwa klia sivyo. Taswira ya taa ndani ya kioo haififii ukienda mbali, inakuwa ndogo tu. Kwa hiyo ubavu ukiungua kwa mwanga, kurudi nyuma hakutakusaidia. Ongeza mwendo au punguza nguvu ya taa. Lakini ukiona ubavu uko sawa na ardhi ndiyo imeungua, hapo rudi nyuma.

Mipangilio: sekunde 30 kama ulivyotumia, ISO 100 (kiasi cha kamera kuhisi mwanga), na tundu la lenzi f/8 (namba ikipanda, tundu linapungua). Ila picha ya kwanza piga bila kuwasha taa yoyote. Ukiliona gari vizuri kwenye picha hiyo, mahali pana mwanga mno. Funga tundu hadi f/11, au punguza sekunde, au hama. Unachotaka ni umbo la paa dhidi ya anga, basi. Fokasi iweke kwa kumulika nembo ya gari, kisha hamishia lenzi kwenye fokasi ya mkono isije ikahangaika gizani. Kizuia-mtikisiko kizime kamera ikiwa juu ya stendi. Shata ibonyezwe kwa rimoti, au kwa kuchelewesha sekunde 2.

Matairi ni watu wengine kabisa. Mpira hauna kioo, unakula mwanga. Hapo ndipo tochi yako ndogo inarudi kazini: ichomeke kwenye bomba la karatasi nyeusi, iinamishe karibu na ardhi, umulike kila gurudumu kwa mshazari sekunde 2 au 3. Na kabla ya yote kata usukani ili uso wa rimu uitazame kamera. Picha nyingi nzuri zinaharibika kwa sababu gurudumu la mbele linaonyesha vijino vya tairi badala ya rimu.

Fundi, niliambiwa nifunge kichujio cha polaraizi mbele ya lenzi nipunguze mng'ao. Nimefunga. Gari limekufa, linafanana na kipande cha mkaa. – Niliyeshauriwa

Aliyekushauri ni mpiga picha wa mchana. Kichujio hicho kazi yake ni kuua mwanga ulioakisiwa na vitu kama kioo na klia, hasa ukivitazama kwa pembe ya nyuzi 56 hivi kutoka wima wa uso wake. Wewe ulikuja kuchukua mwanga huohuo ulioakisiwa. Umeajiri mlinzi akawafukuza wageni wako.

Kina faida moja usiku: kioo cha mbele. Ukitaka usukani na viti vionekane, kifunge, kizungushe hadi kioo kiwe wazi, upige picha hiyo moja ya ndani, halafu kitoe uendelee na bodi. Kumbuka kinakula mwanga pia, kwa hiyo ongeza muda.

Kwenye picha yangu kuna mtu kasimama kando ya mlango wa nyuma, mwili unapenya, unaiona rimu kupitia tumboni mwake. Nilikuwa peke yangu. Ndugu zangu hawataki tena nitoke usiku. – Mwenye Mgeni

Waambie ndugu zako mgeni ni wewe. Ulisimama. Pengine fimbo ilikwama, pengine ulikuwa unahesabu sekunde, lakini ulisimama mahali pamoja kwa muda wa kutosha, na mwanga uliorudi kutoka kwenye bodi ukakumulika. Muda uliobaki wa picha rimu ilikuwa wazi, ndiyo maana vyote viwili vimeandikwa pale pale. Ukiona mwili unapenya nusu kwa nusu, ulisimama muda mrefu kweli.

Mimi nimepata wageni wa kila aina. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa navaa ovaroli ya karakana, nikijisifu kwamba ni ya buluu iliyokolea. Nikasahau ile mikanda inayorudisha mwanga kifuani. Picha ikatoka na reli mbili za fedha zinazoelea kutoka boneti hadi buti, na hakuna mtu. Nikaivua ovaroli. Mara iliyofuata nikavaa nyeusi tupu toka shingoni hadi kwenye suruali, na soksi nyeupe. Ukitaka kujua idadi ya hatua zangu kuzunguka gari, zipo kwenye picha hiyo, unaweza kuzihesabu.

Saa ya mkononi, miwani, simu mfukoni inayowaka ujumbe ukiingia: vyote viache nyuma ya kamera.

Habari za kazi, Fundi. Mume wangu ana gari la marehemu baba yake. Haliendi tena. Rangi imepauka, mlango wa kushoto umebonyea tangu yeye akiwa mtoto, na hataki uguswe. Nataka nimpigie picha ya usiku, ukubwa wa kutundika ukutani, bila yeye kujua. Nimejaribu kwa fimbo ya mwanga kama ulivyoelekeza toleo moja huko nyuma, haing'ai. Au nilipige polishi kwanza? – Mkwe

Njema, mwanangu. Usilipige polishi.

Rangi iliyopauka imekwisha kuwa kitu kingine. Jua limeila juu, imekuwa na vinyweleo, na badala ya kuakisi inatawanya mwanga kama chokaa ya ukutani. Kwa hiyo yale yote niliyomwambia mwenye gari jeusi hapo juu yageuze. Hapa hakuna kioo. Hapa umbali una maana, na tochi ndogo ya kawaida ni bora kuliko fimbo.

Simama nje ya picha, upande wa bampa ya mbele, mita 4 au 5, tochi ikiwa usawa wa kiuno, umulike kuelekea nyuma, mwanga uparaze ubavu wote. Isogeze juu na chini taratibu kwa sekunde 10. Kila mkwaruzo, kila kutu, na lile bonde la mlango wa kushoto vitapata kivuli chake. Bonde litaonekana kuliko linavyoonekana mchana. Nadhani ndilo unalolitaka, maana yeye ndilo asilotaka liguswe. Ukiona limezidi, sogea kuelekea kamera kidogo kidogo. Kadiri mwanga unavyokuja kutoka upande wa kamera, ndivyo bonde linavyojificha. Piga zote mbili, uchague ukiwa nyumbani.

Ndani ya gari weka tochi dhaifu sakafuni mbele ya kiti cha dereva, umeifunika kwa karatasi laini tabaka mbili, imulike juu. Washa sekunde 4, zima. Usukani utajitokeza, na kingo za kiti. Kama una taa ya LED nyeupe kali, ifunike kwa karatasi ya rangi ya chungwa. Mwanga wa kibuluu ndani ya gari la zamani unafanana na friji iliyofunguliwa.

Taa za mbele: najua betri imekufa, usihangaike. Simama nyuma kidogo ya kamera, bega kwa bega na lenzi, na tochi iliyo ndani ya bomba la karatasi ili mwanga usitawanyike. Ilenge taa moja ya mbele kwa sekunde 1 au 2, kisha ya pili. Ile sahani ya kuakisi iliyo ndani itakurudishia mwanga moja kwa moja, na kwenye picha taa zitaonekana zimewaka kwa upole, rangi ya zamani, bila kumpofusha mtu. Mara nyingi naipenda kuliko taa zenyewe, ambazo ukiziacha zaidi ya sekunde moja zinakula picha nzima.

Kuhusu kumficha mwenyewe, hilo la kwenu. Ila kama ningekuwa mimi, ningepiga yote peke yangu na kuacha ile ya taa za mbele. Hiyo ningempa tochi aipige yeye.

Mimi mwanafunzi, sina kamera, nina simu. Nikiweka modi ya usiku, taa ninayopitisha inatoka vipande vipande au haitoki kabisa. – Wa Simu

Modi ya usiku ya simu haifungui shata sekunde zote hizo. Inapiga picha fupi nyingi, inazipanga moja juu ya nyingine, na kitu kinachosogea inakiona ni kosa la kufuta. Wewe na taa yako ndiyo kosa.

Tafuta modi ya Pro kwenye kamera ya simu, mahali unapoweza kuweka sekunde mwenyewe. Kama haipo, pakua programu inayoruhusu shata ndefu. Baadhi ya simu zina modi maalumu ya kuchora kwa mwanga. Huawei P8 ya mwaka 2015 ilitoka nayo. Weka simu kwenye stendi, ISO ya chini kabisa, chelewesho la sekunde 2.

Tatizo litakalokukuta ni tundu. Simu nyingi zina tundu moja lisilobadilika, f/1.8 au karibu na hapo, ambalo linaingiza mwanga mara 20 hivi ya f/8. Sekunde 30 za simu ni kama dakika 10 za kamera yangu kwa ISO ileile. Picha itajaa mwanga wa mbali hata kabla hujafika mlangoni. Kwa hiyo wewe unahitaji giza zaidi yangu na taa dhaifu zaidi, na sekunde 8 au 10 badala ya 30. Gawa gari: upande mmoja picha moja, upande wa pili nyingine. Namna ya kuziunganisha nimeijibu kwa mwenzako hapo chini, ambaye yeye ananitukana kwayo.

Nimeona vijana wanazungusha sufi ya chuma inayowaka, cheche zinaruka kama mvua. Nataka nifanye hivyo juu ya paa la gari langu. – Wa Cheche

Hapana. Hizo cheche ni chembe za chuma zinazoungua. Zikitua kwenye klia zinayeyusha kishimo na kubaki humo, na baadaye zinaota kutu. Nimeshawahi kupiga upya boneti ya aina hiyo, nikiwa bado kwenye rangi, na mwenyewe aliapa ni mvua iliyofanya. Hapo sijagusa habari ya tangi la mafuta na nyasi kavu. Swali linalofuata.

Fundi, nimesikia picha zako ni picha 6 au 7 zilizounganishwa kwenye kompyuta. Kumbe! Mimi napiga moja tu. Huo si udanganyifu? – Wa Moja Tu

Ulichosikia ni kweli, na sijawahi kukificha. Nyingine ni moja, nyingine ni 7. Ya gari jekundu kwenye jalada la toleo lililopita ilikuwa 5: ubavu, paa, magurudumu mawili kwa pamoja, ndani, na taa za mbele.

Namna yake ni hii. Kamera haiguswi kabisa, hata kwa kidole. Kila picha inachukua sehemu moja ya gari. Kwenye programu ya kuhariri, Photoshop au GIMP ambayo ni ya bure, zinapangwa kama leya, yaani matabaka, kisha leya za juu zinawekwa kwenye modi ya Lighten. Modi hiyo inalinganisha pikseli kwa pikseli na kuacha iliyo angavu zaidi. Faida yake moja watu hawaifikirii: kwa kuwa inachagua na haijumlishi, anga halizidi kuwaka hata ukiweka picha 20. Olympus waliingiza wazo hilohilo ndani ya kamera mwaka 2014 kwa jina la Live Composite. Kamera inaongeza kwenye picha kile tu kilichokuwa angavu zaidi ya kilichopo, nawe unaiona ikijijenga kwenye skrini. Wanaotumia hiyo ni wadanganyifu au la? Picha ni moja, shata imefunguka mara mia.

Lakini nakubaliana nawe kwa jambo moja, na si dogo. Anayeanza apige moja tu, miezi kadhaa. Watu wa kwanza wa mchezo huu hawakutafuta urembo. Mwaka 1889 huko Ufaransa Georges Demenÿ, aliyekuwa akifanya kazi na mwanasayansi wa mwendo Étienne-Jules Marey, alimfunga mtu vitaa kwenye viungo vyake akampiga picha akitembea, ili mwendo wenyewe uonekane. Mnamo 1914 kule Marekani Frank na Lillian Gilbreth walifunga vitaa mikononi mwa wafanyakazi na kuacha shata wazi, waone mkono unapoteza wapi safari. Picha zao zimejaa mistari iliyojinyonganyonga, na kwao huo mnyoo ndio uliokuwa jibu. Hata mpiga picha Gjon Mili, aliyempiga picha mchoraji Picasso mwaka 1949 akichora hewani kwa taa, hakuwa na leya za kumwokoa. Mstari ukienda umekwenda.

Picha moja iliyoharibika ni ripoti ya mwili wako. Napenda kuichapa na kuisoma: hapa nilipunguza mwendo, hapa niliteremsha bega kwa sababu fimbo ilikuwa nzito, hapa niligeuka kutazama kama kuna mtu anakuja. Ukiunganisha 7 mapema, unaficha ripoti. Nililijua gari lako, wewe uliyeandika, ilipokuja picha yake pamoja na barua: mstari wa paa unashuka kila mara usawa wa mlango wa nyuma. Pana shimo ardhini pale, au una goti bovu. Angalia yote mawili.

Kila nikimaliza picha ya sekunde 30, kamera inaganda sekunde 30 nyingine. Imeharibika? – Mwenye Haraka

Ni nzima. Umewasha kipunguza-chengachenga cha shata ndefu. Baada ya picha yako, kamera inapiga nyingine ya muda uleule ikiwa imefumba jicho, inaona sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, yenyewe imetengeneza nukta zipi, inazitoa. Usiku wa baridi izime, uokoe muda. Usiku wa joto iache, na utumie hizo sekunde kufuta umande kwenye lenzi, ambao najua hujautazama.

Shikamoo. Tunaona magari ya watu kila toleo. La kwako mbona hatulioni? – Msomaji wa Siku Nyingi

Marahaba. La kwangu ni jeupe, bampa ya mbele imefungwa waya, na nimelipiga picha mara moja tu, kupima betri mpya ya fimbo. Ilitoka vizuri isipokuwa soksi.